Mawe Yaliyozama

Hotuba kwa walimu na wanafunzi wa Kiswahili, Jinja. Nimeiandika kama nilivyoitoa, nikiondoa kikohozi tu na zile dakika umeme ulipokatika.

Wazee wangu, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mlionyeshewa njiani asubuhi hii, hamjambo?

Nimeambiwa kwamba tangazo la hotuba hii lilipobandikwa wapo waliocheka. Falsafa, kwa Kiswahili, hapa Uganda! Siwalaumu. Wengi wetu wa rika langu tuliisikia lugha hii kwa mara ya kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, mwenye bunduki akiuliza: unatoka wapi, unakwenda wapi? Tukaiona ni lugha ya kuamrishana, na baadaye ya kuuziana. Katiba yetu iliitaja kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na baraza la mawaziri likalisukuma tena jambo hilo mwaka 2022, lakini hofu ya utotoni haiondolewi kwa azimio. Hata hivyo lile swali la askari lisitupite. Unatoka wapi, unakwenda wapi. Msafiri akiulizwa hivyo hutoa kitambulisho. Jiwe likiulizwa hivyo, falsafa imeanza. Na leo nitauliza hilo tu: vitu vyote, chini kabisa, ni nini?

Na jiwe tunalo. Wasoga na Waganda mlio hapa hamhitaji kuambiwa kwamba ejjinja ni jiwe na amayinja ni mawe. Msafiri Mwingereza Speke alipofika tarehe 28 Julai 1862 mahali ziwa linapoumwaga mto, aliyapa maporomoko jina la Ripon, mkubwa wa chama cha wanajiografia kule London, lakini mwenyewe aliandika kwamba Waganda walipaita Mawe. Mawe yenyewe leo hamtayaona. Bwawa la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954, maji yalipanda yakayafunika. Tunaishi katika mji unaoitwa kwa jina la kitu kilichozama, na hakuna hata mmoja wetu anayetilia shaka kwamba kipo.

Sasa mchukueni mtu wa zamani sana, Thales wa Miletus, mji uliokuwa pwani ya nchi ambayo leo ni Uturuki. Aliishi kiasi cha miaka 2600 iliyopita. Huyu alisema asili ya vyote ni maji. Wanafunzi wangu walikuwa wakicheka nikiwaambia, nami nawaachia wacheke, kisha nawauliza: mmepata kuona kitu gani kingine ambacho kwa siku moja, mbele ya macho yenu, kinakuwa kigumu, kinakuwa majimaji, halafu kinakuwa mvuke kikatoweka? Bila maji mbegu haioti. Mtoto mwenyewe anatanguliwa na maji. Kama ningelazimishwa kuteua kitu kimoja, bila maabara wala kitabu, nimelala usiku nasikia Naili inakwenda zake, nami ningesema maji. Jibu lake lilikosea. Swali lake ndilo lililobaki. Aliona kwamba chini ya wingi wote huu, ndizi na chuma na moshi na nywele, huenda pana kitu kimoja, na mtu anaweza kukitafuta kwa akili yake bila kwenda kuuliza mizimu. Waliomfuata wakabishana papo hapo. Anaximenes akasema hewa, Heraclitus akasema moto, Empedocles akaona ugomvi hauishi akachukua vinne kwa pamoja. Sina haja ya kuwapanga foleni wote.

Mimi somo hili nililipata kabla sijamsikia Thales, kwa bibi yangu mzaa mama. Alikuwa mwanamke wa Kibiro, kule Hoima, chini ya ukingo wa bonde la ufa, kando ya Ziwa Albert, wanakotengeneza chumvi. Kazi hiyo ni ya wanawake, na imeendelea pale kwa karne nyingi. Ardhi ya pale ina chemchemi za maji moto yenye chumvi. Unatandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye unyevu, unaliachia jua lifanye kazi, na chumvi inapanda kimya kimya mpaka ndani ya udongo ule. Unaukwangua, unautia katika chungu chenye matundu chini, unamimina maji, nayo yanachuruzika taratibu kwenye chungu kingine. Maji hayo unayachemsha mpaka yakauke. Kinachobaki ni cheupe. Udongo nao haupotei, unarudishwa kutandazwa tena.

Mgeni akipita anaona akina mama wanacheza na matope. Bibi alikuwa akichota udongo kwa ncha ya kidole, anaonja, anatema, anasema "bado" au "tayari". Nilipomwuliza chumvi imetoka wapi, alijibu neno moja: ilikuwemo. Nikamwambia mimi sikuiona. Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyevunja sahani. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Bibi sikuwahi kumsikia akiisema methali hiyo. Alikuwa na chungu chenye matundu.

Haya, chukueni punje moja ya chumvi ile muitwange. Vumbi lake mlitwange tena. Je, kuna mahali mtakapofika isikatike? Democritus wa Abdera, akifuata nyayo za Leucippus, alisema ndiyo, na kile kisichokatika akakiita hivyo hivyo kwa Kigiriki, kisichokatika, ndiyo hiyo atomi. Utamu, uchungu, joto, rangi, vyote hivyo alisema ni mazoea ya watu. Kilichopo kwa kweli ni atomi na utupu.

Wanaosimulia habari hii huruka kutoka Ugiriki mpaka Ulaya kana kwamba katikati dunia ilikuwa imelala. Haikulala. Basra ya karne ya 9, mji wa Iraki wa bandari na wa wanazuoni, ilikuwa na ubishi mkali. Abu al-Hudhayl alifundisha kwamba miili yote ni vipande visivyogawanyika, kila kimoja ni jawhar. Mwanafunzi wake al-Nazzam akamkatalia: hakuna kipande kisicho na nusu yake. Basi, akaulizwa, sisimizi anayevuka jiwe atazimalizaje nusu zisizo na mwisho? Anaruka, akajibu, kuna mahali anapopapita bila kupagusa. Walimcheka kwa muda mrefu. Wanaofundisha siku hizi habari za elektroni, chembe za ndani ya atomi ambazo nazo husemwa kuruka, hawamcheki sana. Kisha wafuasi wa mwanazuoni al-Ash'ari wakaongeza kwamba sifa za vipande hivyo hazidumu hata nyakati mbili, Mwenyezi Mungu huziumba upya kila mpepeso, na ulimwengu unaouona umesimama hivi ni kwa sababu haujaachwa. Shekhe aliyeketi mbele anatikisa kichwa, anayajua haya kuliko mimi. Ninalotaka mlione ni neno. Jawhar ndiyo johari yetu. Sisi tuliichukua tukaivisha shingoni. Wao waliiweka chini kabisa ya kila kitu, hata ya tope.

Aristotle, aliyewatangulia hao wa Basra kwa zaidi ya miaka elfu, hakuzipenda atomi. Kile ambacho vitu vimetengenezwa kwacho alikiita hyle, neno ambalo kwa Kigiriki cha kawaida ni mti, mbao. Sisi tunasema maada, kutoka Kiarabu, ndugu yake mada mnayopewa kwenye insha. Yeye aliwaza kiseremala. Nendeni pale barabarani wanapouza samani: kitanda, meza, jeneza, mbao ni ile ile, umbo ndilo limetofautiana. Anataja hoja ya mtu aitwaye Antiphon: ukizika kitanda, kikaoza kikachipua, kitakachoota ni mti, hakitaota kitanda. Mwenye ua wa miti ya mutuba nyumbani analijua hilo, nguzo ikishika mizizi haizai nguzo. Basi chini ya kitanda pana mbao. Na chini ya mbao? Ukiteremka hivyo ngazi kwa ngazi, kama walivyoteremka wafuasi wake, unafika kwenye maada tupu isiyo na umbo lolote, ambayo peke yake haiwezi kuwepo hata kidogo. Daima imevaa umbo fulani. Hapo wanafunzi hukunja uso. Ni nini hicho kilicho ndani ya kila kitu, na peke yake hakipo?

Nilitafuta mfano miaka mingi. Siku moja, nikisahihisha madaftari ya Kiswahili ya mwenzangu aliyekuwa mgonjwa (mimi nilikuwa mwalimu wa fizikia, mnisamehe), nikaukuta chini ya kalamu. Mtu. Kitu. Utu. Jitu. Ng'oeni viambishi. Kinachobaki ni -tu. Haya, litamkeni peke yake: tu. Mnasikia "basi, si zaidi", au mnasikia "sisi tupo" iliyokatika katikati. Maana ya mzizi hamuisikii. Hakuna aliyewahi kukutana na mzizi huo barabarani ukiwa uchi, na hakuna anayepitisha siku bila kuutumia. Kiganda nacho ni vilevile: omuntu, ekintu, obuntu. Na mtu wa kwanza wa Buganda, mume wa Nambi, anaitwa Kintu. Kitu! Sijui kabila lingine lililompa babu yake jina la jumla kiasi hicho.

Sikuwa wa kwanza kuliona hilo. Padri Alexis Kagame wa Rwanda aliandika mwaka 1956 kwamba lugha zetu zimevigawa vyote vilivyopo katika mafungu manne: muntu, kintu, hantu, yaani mahali na wakati, na kuntu, yaani namna. Kabla yake, mwaka 1945, Placide Tempels, Mbelgiji aliyekuwa mmisionari Kongo, alidai kwamba kwa Wabantu kuwepo maana yake ni kuwa nguvu. Nilipoyasoma hayo nilifurahi. Nilitembea wiki nzima kama mtu aliyeokota pochi. Kisha nikajishika mkono.

Kwa sababu hebu zihesabuni ngeli tena. Kisu ni ki-, sawa. Kijana je? Kipofu? Kiongozi? Mnacheka, lakini simtaji mtu. Mkeka na mto ziko ngeli gani? Je, Mswahili anaamini mkeka una jambo ambalo kiziwi hana? Ngeli hupanga maneno, na maneno yana sababu zake. Aliyetuonya vikali zaidi juu ya hatari hii ni mtu wetu wa Gulu, mshairi Okot p'Bitek. Anasimulia kwamba mwaka 1911 mapadri wa Kiitalia waliwauliza wazee wa Kiacholi: nani aliwaumba? Lugha yao haikuwa na neno la kuumba kwa maana ya mapadri, kwa hiyo swali likafika likiwa limegeuka: nani aliwafinyanga? Kwa wazee hilo halikuwa na maana, watu huzaliwa na mama zao. Wakasema hawajui. Wageni wakashikilia kwamba lazima jibu lipatikane. Mzee mmoja akakumbuka ugonjwa wa uti wa mgongo unaompinda mtu mpaka umbo lake likageuka, na mzimu unaosemwa kuuleta, Rubanga. Akasema, Rubanga ndiye anayefinyanga watu. Wageni wakalipokea jibu kwa mikono miwili, wakaenda wakahubiri kwamba Rubanga ndiye muumba.

Kila ninapotaka kusema kwamba siri ya ulimwengu imo katika kiambishi, namkumbuka mzee yule. Kwa hiyo -tu naubakiza kuwa mfano, na mfano mzuri, lakini siuombei ushahidi.

Jambo moja la lugha silitupi, hata hivyo. Kwa Kiingereza jiwe linamiliki uzito wake. Sisi tunasema jiwe lina uzito, liko na uzito, kama mtu alivyo na wenzake. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, mwishoni mwa karne ya 17, alijaribu kuwaondoa wenzake wa jiwe mmoja mmoja, rangi, ugumu, umbo, uzito, aone mwenyewe ni nani. Akakiri kwamba kilichobaki mkononi ni kitu fulani, sijui nini. Askofu Berkeley akasema basi hakuna aliyebaki, vitu viko kwa kuonwa tu. Mwandishi Samuel Johnson aliposikia hayo akalipiga jiwe teke kwa nguvu, akasema: namkanusha hivi. Nampenda Johnson kwa teke lile. Alichothibitisha ni kwamba mguu uliuma.

Tuwaache waliokuwa wakikaa wakawaza, tuje kwa waliokuwa wakichuja na kuchemsha. Inasimuliwa kwamba mwanafizikia Ernst Mach wa Vienna, kila alipotajiwa atomi, alikuwa akiuliza: umeiona hata moja? Swali halali, tena la kizuizi cha barabarani hasa. Mwanafizikia mwenzake Ludwig Boltzmann, waliyeishi naye mji mmoja, alitumia maisha yake kuzitetea atomi ambazo hakuna aliyeziona, akafa mwaka 1906 kabla ugomvi haujaisha.

Na jibu lilikuwa ndani ya tone la maji tangu 1827. Robert Brown, mtaalamu wa mimea, aliona kwa hadubini chembe ndogo za chavua zikitetemeka ndani ya maji bila kukoma. Alishuku kwamba zina uhai. Kwa hiyo akajaribu vumbi la mawe, kitu ambacho hakuna atakayesema kina uhai, nalo likacheza vilevile. Watu wakaliacha jambo hilo likae, kama tunavyoacha mlango unaolia. Mwaka 1905 Albert Einstein akapiga hesabu: kama maji ni molekuli, yaani vifungu vya atomi, zinazogongana, chembe inayosukumwa nazo kutoka kila upande lazima itangetange, na baada ya muda fulani itakuwa imefika umbali wa kiasi fulani. Jean Perrin, huko Paris, akakaa na hadubini akapima, chembe baada ya chembe, na kutoka katika kutangatanga huko akahesabu ukubwa na idadi ya molekuli. Hesabu yake ikaafikiana na zile zilizopatikana kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1926 akapewa Nobel. Molekuli ya maji hakuiona. Aliiona chembe inayopigwa nayo.

Mimi naona hapo ndipo utafutaji huu mrefu ulipobadilika tabia, kuliko hata siku za kompyuta na mitambo mikubwa ya leo. Tangu hapo hakuna anayeuliza maada ni nini kwa kuitazama. Unauliza inafanya nini, inamsukuma nani, nani anaitikia. Udongo unaonjwa.

Mwanafizikia Rutherford akafuata. Vijana wake wawili, Geiger na Marsden, walipitisha chembe za alfa, zinazorushwa na vitu vyenye mnururisho, kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu mwaka 1909. Karibu zote zikapita moja kwa moja, moja kati ya maelfu ikarudi nyuma. Kwa hiyo, akasema mwaka 1911, karibu uzito wote wa atomi umekusanyika katika kiini kidogo mno. Kama protoni, chembe iliyo kiini cha haidrojeni, ingekuwa punje ya mahindi hapa mezani, elektroni yake ingekuwa inazurura umbali wa mita mia tatu hivi, huko nje kwenye wauza rolex, chapati za mayai, na katikati hakuna punje nyingine. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha sita aliwahi kuniuliza, akiwa amekasirika kweli: mwalimu, kama jiwe ni uwazi mtupu, mbona nikijikwaa naumia? Nilimjibu hivi. Kidole chako na jiwe havigusani kama unavyodhani. Elektroni za huku zinasukumana na za kule, na ipo sheria, aliigundua mwanafizikia Pauli mwaka 1925, kwamba elektroni mbili haziwezi kuwa katika hali moja kwa kila namna. Tofauti na teksi zetu, penye nafasi iliyojaa hakuna kondakta wa kusema sogeeni. Ugumu wa jiwe ni kukataliwa huko. Johnson alipopiga teke alikataliwa.

Ndani ya protoni nako hawakukuta shina. Mwaka 1964 Gell-Mann na Zweig, kila mmoja kivyake, walipendekeza kwaki, chembe ndogo zaidi zinazoijenga protoni, na majaribio yakawakubalia. Sasa sikilizeni, hapa huwa napunguza mwendo. Ukijumlisha uzito wa zile kwaki tatu, unapata kama asilimia 1 tu ya uzito wa protoni. Mfuko wa simenti wa kilo 50, ule unaomvunja mgongo kijana wa ujenzi: kiasi cha nusu kilo ndicho kinachotokana na uzito wa chembe zenyewe. Kilo 49 na zaidi ni nishati, ni mshike-mshike wa ndani, kwaki zinavyokimbia na kushikwa zisitoke. Anabeba mwendo. Tulitafuta kitu kinachobaki tukiondoa mahangaiko yote, tukakuta mahangaiko ndiyo karibu mzigo wote.

Tena kuna jambo la ajabu zaidi. Mnaikumbuka hadithi ya Kintu, Ggulu, baba yake Nambi, alipomwambia amtambue ng'ombe wake katika kundi la ng'ombe wanaofanana? Nyuki akamsaidia, akatua juu ya pembe ya ng'ombe wake. Kwa ng'ombe inawezekana, kila mmoja ana kovu lake. Elektroni haina. Elektroni ya chuma cha daraja lile na elektroni ya jicho langu haziachani kwa lolote, na hesabu za fizikia hutoka makosa ukizihesabu kana kwamba kila moja ina jina lake. Hata nyuki wa Kintu angezunguka akachoka. Kwa hiyo tunaposema "elektroni hii", sina hakika kwamba neno "hii" lina pa kushika.

Ndiyo maana wapo waliosema vitu vyenyewe havipo kabisa, upo uhusiano tu. Mwanafalsafa Bertrand Russell hakufika huko, lakini mwaka 1927 alisema wazi kwamba fizikia hutuambia jinsi vitu vinavyohusiana na haituambii vyenyewe ndani vikoje. Waliokuja baadaye wakauliza: kwa nini tudhani kuna ndani? Nimejaribu kukubaliana nao, na nashindwa. Naona kama nimealikwa harusini, ngoma zinapigwa, ndugu wa pande mbili wamekaa sawasawa, kadi imeandikwa vizuri, halafu naambiwa bibi harusi hayupo wala bwana harusi hayupo, ila ndoa ipo. Mtasema, mzee, hukutuambia sasa hivi kwamba hata -tu haupo peke yake? Nilisema. Na mzizi usioonekana peke yake si sawa na mzizi usiokuwepo. Hapo ndipo niliposimama, na wala sijasimama imara.

Nisije nikawaacha mkidhani kwamba tumebakiza hilo tu. Katika miaka ya 1970 Vera Rubin na wenzake walipima mwendo wa nyota katika galaksi, wakakuta zile za pembezoni zinazunguka kwa kasi isiyolingana na maada inayoonekana. Kuna kinachozivuta kisichotoa mwanga. Makadirio ya leo ni kwamba maada ya kawaida, hii ya mawe, mito na watu, ni kama asilimia 5 ya vyote vilivyomo ulimwenguni. Maada ya giza ni kama asilimia 27. Na kilichobaki kinaitwa nishati ya giza, jina tu, kama vile Locke na lile lake la sijui nini. Mach angekuwa hai angeuliza: umeiona? Angejibiwa, hapana, lakini tazama nyota zinavyokwenda.

Mwezi uliopita nilichukua mtumbwi hapa chini, pale ziwa linapokwisha na mto unapoanza, nikitaka kuyatazama hayo Mawe ya Speke kabla sijaja kuwazungumzia ninyi. Maji yalikuwa tuli. Mvuvi aliyenipeleka, kijana wa umri wa wajukuu zangu, alipiga kafi kimya kimya mpaka tukafika mahali ambapo uso wa maji ulikuwa umevimba kidogo na kuzunguka, kama kitambaa kilichokunjwa vibaya.

"Hapo pana jiwe, mzee," akasema.

Nikachungulia. Kijani tupu, halafu giza. Nikamwuliza kama amewahi kuliona.

"Mimi sijaliona. Maji ndiyo yameliona."

Akakaza kafi upande wa kushoto, tukalizunguka.